Mvua ya Jumapili Ile

Mazwi, Sumbawanga
Jumamosi alasiri

Mwanangu Ladislaus,

Umekwenda Kaengesa kumuaga bibi yako, na bibi yako hamwachi mgeni mpaka amemlisha mara mbili, kwa hiyo nina saa nne au tano za kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Begi lako liko hapa mlangoni, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu ilishakata tamaa. Basi linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Upepo wa leo ni ule wa kuelekea mwisho wa kiangazi, umebeba majivu ya nyasi zilizochomwa, na nimefunga dirisha ili karatasi zikae.

Sitakuandikia mambo ya kula na kulala. Una miaka ishirini na saba, na kama hujui kufua shati mpaka leo basi mimi na marehemu baba yako tulifeli pamoja. Sweta nililokuwekea litoe ukipenda, wanasema Dar es Salaam sweta ni adhabu. Wala sitakuambia uheshimu wakubwa, maana hilo kama halijaingia kwa miaka yote hii, barua haitaliingiza.

Nakuandikia makosa yangu mawili. La kwanza ni dogo na huenda umelisahau. La pili hulijui. Au unalijua, sina hakika, na kutokuwa na hakika huko kumenichosha mwaka mzima.

Nianze na lile dogo. Ulikuwa darasa la tano, na mwalimu wako wa hisabati nilikuwa mimi. Nilikuwa mkali kwako kuliko kwa wenzako ili wazazi wasiseme nampendelea mwanangu, na nadhani hilo unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Siku hiyo niliandika ubaoni kwamba wanaume sita wanachimba mtaro kwa siku nne, je, wanaume wanane watauchimba kwa siku ngapi. Watoto wote wakainama kuandika. Wewe ukanyoosha kidole.

"Mwalimu, na mmoja akiugua?"

Darasa zima likacheka. Mimi nami nikacheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Nikakuambia, "Ladislaus, hiyo si hesabu, hiyo ni hadithi. Kaisimulie kwenye kipindi cha Kiswahili." Ukakaa. Wenzako wakakubandika jina la Mmoja-Akiugua, likadumu mpaka darasa la saba. Na kweli ukaenda kwenye Kiswahili. Kidato cha nne ulipata A ya Kiswahili na D ya hisabati, kidato cha tano ukachukua HKL, mchepuo wa lugha na historia, chuo kikuu ukasoma sosholojia. Watu walipouliza, nilijibu kwamba kijana wangu hesabu hazimpendi. Nilisema kwa sauti ya anayejua, maana mwalimu ni mimi.

Mwaka jana ulipokuja na vile vitabu vya kuazima vilivyopoteza majalada, ulinisomea aya moja jikoni. Ilisema kwamba mtu wa takwimu bima kazi yake ni kuuliza, katika watu kadhaa wanaoishi pamoja na kufanya kazi pamoja, wangapi wataugua, wangapi watakufa, lini, na waliobaki wajiandae vipi. Mimi nilikuwa nachagua maharage. Nilimwona yule mtoto wa darasa la tano amenyoosha kidole, na nilitaka kusema jambo, lakini nilichosema ni kwamba maharage ya mwaka huu yana mawe mengi.

Nimelisema sasa. Ile D kiasi fulani ni yako, kwa sababu hukuwa na bidii ya kukariri. Kiasi kingine ni yangu. Swali lako lilikuwa hesabu kubwa kuliko ile niliyoandika ubaoni, na mimi sikuwa na jibu, ndiyo maana nikaliita hadithi.

Mwezi wa saba zilipokuja barua mbili za kukubaliwa, tulizisoma pamoja hapa mezani. Moja ilikuwa ya stashahada ya uzamili ya uendeshaji wa bima: mwaka mmoja, mwenye shahada yoyote anapokewa, hesabu zake ni za asilimia tu. Nyingine ilikuwa ya takwimu bima yenyewe. Hiyo ilitaka kwanza mwaka mzima wa maandalizi, ukae na watoto wa mwaka wa kwanza kusoma kalkulasi na nadharia ya uwezekano. Ukifaulu wanakuingiza kwenye uzamili. Ukishindwa, unarudi nyumbani na begi lako.

Nilikushauri uchukue ile ya mwaka mmoja. Nilisema umri unakwenda. Nilisema hisabati utaikuta imenuna vilevile ulivyoiacha. Nilisema hata mjomba wako, ambaye mimi huwa simsikilizi katika jambo lolote, naye anaona hivyo. Baada ya siku mbili ukachagua ile ndefu, na mimi nikakununia wiki nzima. Ulidhani nakuonea huruma. Sikuwa nakuonea huruma, Ladi. Nilikuwa najitetea. Kwenye ile kozi fupi hakuna mtu ambaye angekuuliza namba zako zimetoka wapi. Kwenye hii ndefu, uliniambia mwenyewe, swali la kwanza ni hilo.

Sasa la pili.

Kipima mvua cha shuleni kwetu unakijua. Ulikuwa unakwenda nami kukisoma kabla hujaanza darasa la kwanza, unashika ufunguo wa kile kijiwigo cha waya tulichowazuilia mbuzi. Afisa kilimo alikileta, akatafuta mwalimu wa sayansi, nikawa mimi. Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Kila siku saa tatu asubuhi unafungua kopo, unamimina maji kwenye kile kikombe kirefu cha kioo, unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma milimita, unaandika daftarini. Kila baada ya siku kumi unatuma ripoti kwa ujumbe wa simu. Afisa alinifundisha jambo moja kwa msisitizo. Siku ambayo mvua haikunyesha unaandika sifuri. Siku ambayo hukwenda kupima unaacha nafasi tupu. "Mwalimu," aliniambia, "sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili. Sifuri ni mvua iliyokosekana. Nafasi tupu ni wewe uliyekosekana."

Kwa miaka mingi nilikwenda. Nilikwenda nikiwa na homa, nilikwenda asubuhi ya msiba wa babu yako. Kijiji kizima kilijua. Nikipita walitania, "Mwalimu, leo umetupimia ngapi?" kana kwamba mvua ninaitoa mfukoni. Nilikuwa mwanamke mwenye majivuno kidogo juu ya jambo hilo, nakiri, na sikuona ubaya wake.

Kisha baba yako akaanza kuugua. Yeye alikuwa huku Mazwi na banda lake la kutengeneza baiskeli, mimi kule shuleni. Kila Ijumaa baada ya vipindi nilipanda pikipiki kuja mjini, nikapika, nikafua, nikampeleka hospitali, na Jumatatu alfajiri nikarudi. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hapakuwa na mtu wa kufungua kopo. Wewe ulijua nakuja, lakini hukuuliza kopo linafunguliwa na nani. Ningeacha nafasi tupu. Lakini nafasi tupu zingekuwa mbili kila wiki, ofisi ingeuliza, mwalimu mkuu angejua kwamba sikai kituoni, na mimi nilikuwa mwalimu ambaye hakuwahi kukosekana. Basi nikaanza kuangalia mbingu ya Mazwi na kuandika mvua ya kijijini. Ikinyesha kidogo bati likalia, naandika tano. Ikinyesha sana, kumi au kumi na tano. Isiponyesha, sifuri. Miaka mitatu nilifanya hivyo.

Wewe umezaliwa Ufipa, huhitaji kuambiwa mvua yetu ilivyo. Inapiga upande mmoja wa kilima na upande wa pili watu wanaanika ulezi. Na mimi nilijua, nilikuwa naifundisha.

Katika mwaka wa pili wa ugonjwa wa baba yako, watu wa kampuni ya bima walikuja kijijini na gari. Wewe ulikuwa umetoka chuo, ukapata kwao ile kazi ya muda ya kuandikisha wakulima. Walieleza bima yao mkutanoni, na kwa mara ya kwanza watu walimwelewa mtu wa mjini: mahindi yanapotoa mbelewele, zikipita siku kumi na mbili mfululizo bila mvua, kila aliyejiandikisha analipwa, bila mtu kwenda kukagua shamba. Mzee Masanja, yule Msukuma mwenye shamba kando ya shule, aliuliza, "Na nani atasema kama mvua haikunyesha?" Yule mtu wa kampuni akanyoosha mkono akanionyesha mimi. "Kipimo cha mwalimu." Watu wakapiga makofi. Masanja alijiandikisha wa kwanza. Unakumbuka, jina lake uliliandika wewe.

Msimu ule mvua ilikata pale pale mahindi yalipoanza kutoa mbelewele. Siku ya kwanza, ya tano, ya saba, naandika sifuri. Ijumaa nikaja Mazwi. Jumamosi usiku ikanyesha hapa, mvua ya nguvu, baba yako akaniambia niweke ndoo pale bati linapovuja. Jumapili ilikuwa tarehe ishirini, siku ya ripoti. Nilikaa kwenye kile kigoda cha bandani, nikaandika kwenye simu: milimita kumi. Nikatuma.

Baba yako alikuwa amelala kwenye mkeka, akaniona. "Umejuaje kama kule imenyesha?"

"Mvua yote hii, itakuwa imefika."

"Si upige simu, uwaulize?"

"Nimeshatuma."

Jumatatu nilirudi. Tangu tunapanda kile kilima cha mwisho niliona vumbi linaruka nyuma ya pikipiki. Nilikwenda kwenye kopo kabla sijaweka begi chini. Ndani palikuwa pakavu, na buibui mmoja. Nilisimama pale nimeshika kikombe. Ningeweza kutuma ujumbe wa pili siku ileile, maneno matano tu: ripoti ya jana ina kosa. Niliona aibu, Ladi. Sikuogopa kufukuzwa kazi, niliona aibu tu kwamba nitaulizwa nilikuwa wapi. Nikajiambia milimita kumi ni kitu gani, nitarekebisha kwenye ripoti ijayo, na mvua yenyewe inakuja. Mvua haikuja kwa siku nane zaidi. Kwenye daftari ukame wa wiki mbili na zaidi ukakatwa vipande viwili vifupi, na hakuna hata kimoja kilichofika siku kumi na mbili, kwa hiyo kampuni haikumlipa mtu.

Mkutano uliofuata uliuendesha wewe, kwa sababu wakubwa wako hawakutaka kuja. Mimi nilikaa nyuma na walimu wenzangu. Masanja alisimama na bua la hindi mkononi, akasema, "Kitabu kina mvua, shamba halina. Tule kitabu?" Watu wakaanza kupiga kelele, mmoja akasema labda kipimo ndicho kibovu, labda mwalimu amekosea. Ndipo ukapanda juu ya benchi. Nakumbuka shati ulilovaa. Ulisema, "Kipimo ni cha mama yangu. Mama yangu namjua. Kosa liko kwenye hesabu zao huko Dar es Salaam, na mimi nitalitafuta mpaka nilipate." Wakaketi. Wengine wakageuka kunitazama kwa heshima.

Kulipokuchwa Masanja alinifuata nyumbani, akasimama mlangoni. "Mwalimu, Jumapili ile ilinyesha?"

Nikamjibu, "Daftari linasema ilinyesha."

Alitikisa kichwa akaondoka. Mwezi uliofuata aliuza maksai wake wawili, na msimu uliofuata yeye na mkewe walilima kwa jembe la mkono. Niliwaona kila siku saa tatu asubuhi, kwa kuwa shamba lake linapakana na kile kijiwigo cha waya. Nilikuwa nasoma maji yangu na wao wanapindua matuta yao, tunasalimiana.

Mengine unayajua. Mkataba wako uliisha, baba yako akafariki, mimi nikastaafu tukahamia hapa. Na wewe ukaanza kutafuta lile kosa. Uliazima vitabu, ukamfuata yule mshikaji wako anayefundisha sekondari akufundishe logarithimu kuanzia mwanzo, ukakaa mezani hapa kila jioni na karatasi, na kosa lenyewe linakuletea ugali na samaki wa migebuka.

Wala hukuwa mbali nalo. Kuna jioni ulikuwa umefungua madaftari yangu yote, unafanya mazoezi ya wastani na mtawanyiko. Ukaniita.

"Mama, njoo uone kitu. Jumanne hapa ni tatu nukta nne. Jumatano saba nukta moja. Lakini Jumamosi na Jumapili, mwaka huu na huu na huu, zote zinaishia sifuri au tano. Kwa nini?"

Nilikuwa nimesimama na sufuria. Nikasema kikombe cha kioo kilikuwa kimepasuka, nikawa nakadiria.

"Wikiendi tu?"

"Kilipasuka wikiendi," nikasema.

Ulinitazama kidogo, ukarudi kwenye karatasi zako. Hatujazungumza tena jambo hilo. Mimi nimefundisha hisabati zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kutoa jibu la kijinga kiasi kile. Mpaka leo sijui kama uliliamini au ulinihurumia. Wiki mbili baadaye ulinisomea maombi yako ya chuo. Uliandika kwamba ukifika kwenye tasnifu utatumia rekodi ya mvua ya miaka mingi iliyowekwa na mwangalizi mmoja mwaminifu. Ulilisoma neno mwaminifu ukaniangalia, ukatabasamu. Nilikwenda nje kuangalia nguo kwenye kamba, na hapakuwa na nguo.

Alhamisi iliyopita nilikudanganya kwamba nakwenda kijijini kuchukua maharage. Nilikwenda kwa Masanja. Nilimkuta anatia mpini kwenye jembe. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu. Karibu." Nikakaa kwenye kiti, nikamweleza yote, kama nilivyokueleza hapa, kuanzia ndoo chini ya bati mpaka buibui kwenye kopo. Hakuacha kugonga mpini wake. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Jumatatu ile nilikuwa pale njia panda na maziwa. Nikakuona unashuka kwenye pikipiki na begi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baadaye wanasema mwalimu kapima mvua Jumapili. Nikajumlisha. Mie shule sikuiona, mwalimu, lakini hiyo ya kujumlisha ilinitosha."

"Sasa mbona ulikuja kuniuliza?"

"Nilitaka uniambie wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Alisema binti yake Milembe alikuwa darasa la saba na mimi ndiye niliyekuwa namfundisha jioni. Alisema mume wangu alikuwa mgonjwa. "Halafu yule kijana wako akapanda kwenye benchi. Nikaona nikisema sasa, nitakayemwaibisha ni yeye." Kisha akauliza, "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi umeanzia kwa mtu wa pili, mwalimu. Wa kwanza bado."

Mkewe akaniletea maziwa. Niliyanywa, nikamrudishia kikombe. Masanja hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Nilipokuwa naondoka alinipa debe la maharage, ili nisirudi kwako mikono mitupu na uongo wangu. Ndiyo yale uliyoyala jana.

Kwa hiyo unaona jinsi mambo yalivyo. Wewe umechagua njia ngumu, wewe wa HKL, unakwenda kukaa na watoto wa miaka kumi na tisa kuanza moja, kwa sababu ulisimama juu ya benchi ukasema mama yako hakosei. Sababu hiyo haipo. Nimeitafakari sana wiki hii: je, ukijua, utashusha begi? Nilipanga kuiweka barua hii ndani ya daftari, chini ya mashati, uikute huko ukiwa umeshasajiliwa na huwezi kurudi. Niliona ni busara. Kisha nikagundua ni yale yale ya Jumapili, natuma kwanza, nitarekebisha baadaye. Barua nitaiacha mezani, juu ya madaftari, na madaftari nimeyatoa begini. Ukirudi leo utaikuta. Una usiku mzima wa kuamua kama kesho unapanda basi, na kama unapanda na madaftari au bila.

Ukiniuliza maoni yangu, na safari hii sina la kuficha, naona uende, na uende kwenye ile ndefu. Ushauri wangu wa mwezi wa saba nimeufuta. Kosa ulilokuwa unalitafuta limepatikana, lakini lile swali la mtu mmoja kuugua bado halijajibiwa. Baba yako aliugua, mkewe akaacha kituo, na kwa sababu hiyo mzee wa Kisukuma akauza maksai. Hilo halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Ulilitaja ukiwa na miaka kumi na moja na mimi nikakuambia uketi. Hisabati itakutesa mwaka wa kwanza, sikufichi. Nimewafundisha wengi, na waliozoea kupata upesi ndio wanaokata tamaa upesi. Wewe hujawahi kupata upesi.

Ukija kuwa mtu mkubwa na ukaletewa majedwali ya namba kutoka wilaya ambazo hujawahi kufika, usidhani walioziandika ni wezi. Mimi sikuwa mwizi. Nilikuwa mtu aliyechoka, mwenye mgonjwa, asiyetaka kuulizwa alikuwa wapi. Nadhani wengi wako hivyo. Hilo sijui kama lina kanuni yake kwenye vitabu vyenu.

Mwenyekiti wa kijiji nimemwomba nafasi kwenye mkutano wa mwezi ujao, nami nitasimama mwenyewe, chini, si juu ya benchi. Ofisi ya kilimo nimeiandikia. Sijui watafanya nini na mwalimu mstaafu. Naogopa kidogo mkutano, na nakuogopa wewe zaidi, kwa kuwa nakupenda na kwa kuwa hujawahi kunitazama kama mtu aliyekosea.

Kazi ya mwisho nimeifanya mchana huu, kabla sijaanza kuandika. Nimepitia Jumamosi na Jumapili zote za miaka ile mitatu. Kila namba nimeikata kwa mstari mmoja, kama utaratibu unavyotaka, ili kilichokatwa kiendelee kusomeka, na kando yake nimeacha nafasi tupu na kuweka sahihi yangu. Siku hizo sikuwepo, na sasa daftari linasema hivyo. Siku za katikati ya wiki ziamini, nilizipima kwa jicho langu. Lile neno mwaminifu ulifute ukifika kwenye tasnifu, au uliache, ni lako.

Kuna siku moja tu ambayo sikuiachia nafasi tupu, kwa sababu kopo lake nililifungua asubuhi iliyofuata na mpaka leo nakumbuka nilichokiona. Kumi nimeikata, juu yake nimeandika sifuri. Swali ulilopandia benchi, na ambalo Masanja alikuja kuniuliza mlangoni, jibu lake ni hilo.

Haikunyesha, mwanangu. Mimi nilikuwa Mazwi.

Mama yako